Mbao ngumu za Kongo: Kwa nini hesabu za Uganda na Kenya hazilingani

KAMPALA/NAIROBI – Mfanyabiashara anayenunua mvule na mahogani kutoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anajua njia yake: Mambasa, Beni, Kasindi, Mpondwe, Kampala, Busia, kisha Nairobi. Njia ni moja, mbao ni zile zile na mara nyingi lori ni lile lile. Lakini anayefungua vitabu vya takwimu vya Uganda na Kenya na kulinganisha thamani ya mbao ngumu zilizoingizwa na kila nchi, mwaka hadi mwaka, hukuta picha mbili ambazo hazifanani.

Suala hilo si la wataalamu wa takwimu peke yao. Thamani inayoandikwa mpakani ndiyo inayotumika kukokotoa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda. Ndiyo pia inayotazamwa na wizara zinapoamua kufungua au kufunga biashara, na na mabenki yanapopima kama mteja anastahili mkopo wa kununulia shehena. Anayezisoma vibaya anaweza kununua mzigo wakati soko limelala, au kujikuta akidaiwa tofauti ya ushuru kwa shehena aliyokwisha kuiuza.

Nchi mbili, sababu mbili

Kenya na Uganda zote zinanunua mbao ngumu kutoka nje, lakini hazikufika hapo kwa njia moja.

Kenya ilizuia ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali tangu miaka ya 1980. Mwaka 1999 ilipiga marufuku sehemu kubwa ya uvunaji hata katika mashamba ya miti ya serikali, isipokuwa kwa makampuni machache. Februari 2018 ilitangaza tena usitishaji wa uvunaji, kwanza kwa siku 90, lakini muda huo ukaongezwa mara kadhaa hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa. Hata baada ya tangazo hilo suala lilifikishwa mahakamani.

Utafiti wa wizara inayohusika na mazingira uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa Kenya ilihitaji mita za ujazo milioni 41.7 za mazao ya miti kwa mwaka, wakati uwezo wake wa kuzalisha ulikuwa milioni 31.4. Pengo lilikuwa milioni 10.3. Ikumbukwe kuwa hesabu hiyo ilijumuisha nguzo, kuni na mkaa, si mbao peke yake.

Uganda kwa upande wake ilikuwa na mbao ngumu zake yenyewe. Msitu wa Budongo ulijulikana kwa mahogani tangu enzi za ukoloni. Lakini eneo la nchi lililofunikwa na misitu lilishuka kutoka takriban asilimia 24 mwaka 1990 hadi takriban asilimia 9 mwaka 2015. Mashamba mapya yaliyopandwa kwa msaada wa wafadhili tangu mwaka 2004 ni ya misindano na mikaratusi zaidi. Hayo yanaweza kujenga kenchi ya paa, lakini hayatoi mlango wa mvule.

Kwa maneno mengine, Kenya ilinunua nje kwa sababu sheria ilifunga misitu, na Uganda ilinunua nje kwa sababu misitu ilikuwa inakwisha. La kwanza hubadilika kwa tangazo la siku moja, la pili hubadilika polepole. Kwa hiyo ni kawaida mstari wa thamani wa Kenya uruke na kushuka ghafla kuliko ule wa Uganda, na kuruka huko peke yake hakuonyeshi kwamba biashara ya mbao ngumu imekua.

Marufuku haikugusa mbao ngumu moja kwa moja

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mashamba ya serikali yaliyofungwa Kenya mwaka 1999 na 2018 ni ya mbao laini kwa sehemu kubwa: mikangazi na mivule haimo, iliyomo ni misaipresi, misindano na mikaratusi. Pengo la mbao laini lilizibwa kwa kiasi kikubwa na Tanzania, hasa mbao za nyanda za juu kusini, Mufindi na maeneo ya jirani, zinazoingia Kenya kupitia Namanga na Holili. Mbao ngumu za Kongo ziliendelea kupita Busia na Malaba.

Katika vitabu vya forodha, mbao zote zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6 huwekwa chini ya kichwa kimoja, namba 4407. Anayechukua jumla ya kichwa hicho na kuona imepanda baada ya 2018, kisha akaandika kuwa Kenya inanunua mbao ngumu zaidi, atakuwa amehesabu misindano ya Iringa pamoja na mvule wa Ituri. Ni lazima ashuke hadi kwenye vifungu vidogo.

Navyo vifungu hivyo vimebadilika. Mvule, ambao kwenye orodha ya kimataifa huitwa iroko, na sapeli vilipata namba zao, 4407.28 na 4407.27, katika toleo la mwaka 2007. Msaji ulipewa namba yake, 4407.23, katika toleo la mwaka 2022. Kwa hiyo safu ya mvule inayoanza na sifuri hadi 2007 na kupanda baadaye haisemi kuwa mvule ulianza kuuzwa mwaka huo. Inasema tu kwamba ulianza kuandikwa kwa jina lake.

Mtego mwingine uko kwenye mahogani. Namba 4407.21 ni ya mahogani ya Amerika, jamii ya Swietenia. Mahogani ya Afrika, jamii ya Khaya, ambayo Watanzania huiita mkangazi, haina namba yake na huwekwa kwenye fungu la mbao nyingine za kitropiki, 4407.29. Wakala wa forodha anayeona neno mahogani kwenye ankara na kuandika 4407.21 anakuwa ameingiza nchini, kwa karatasi, mti uliotoka ng'ambo ya Atlantiki. Wakala wa Kampala akiandika hivyo na wa Busia akaandika vingine, shehena moja itaonekana kama biashara mbili tofauti.

Lori moja, hesabu tatu

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke. Lori limebeba mvule uliogharimu dola 6,000 Beni. Likifika Mpondwe, pamoja na usafiri na gharama za njiani, mzigo una thamani ya dola 9,000. Likifika Busia, baada ya takriban kilomita 600 za barabara ya Uganda na faida ya mtu wa kati, mzigo una thamani ya dola 15,000.

Hali ya kwanza: mzigo unapita Uganda kama mali ya safari, umefungwa lakiri ya forodha, unakwenda kwa mnunuzi wa Nairobi. Uganda haiandiki chochote kwenye safu ya mali iliyoingizwa. Kenya inaandika dola 15,000 kutoka Kongo.

Hali ya pili: mzigo unalipiwa ushuru Uganda, unashushwa Ndeeba, Kampala, kisha unauzwa kwa mfanyabiashara wa Kenya. Uganda inaandika dola 9,000. Kenya inaandika dola 15,000. Anayejumlisha nchi mbili anapata dola 24,000, ilhali mbao ni zile zile za lori moja.

Hali ya tatu: mzigo unapita njia za panya, au unapita mpakani bila kuandikwa, halafu unapatiwa karatasi kana kwamba ulikatwa Uganda. Uganda haiandiki mali iliyoingia, bali inaandika mali iliyotoka. Kenya inaandika dola 15,000 zenye asili ya Uganda, ambazo kwa kuwa zimetoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hudai msamaha wa ushuru.

Katika hali zote tatu Kenya imeandika kiasi kile kile, lakini Uganda imeandika sifuri, 9,000 na sifuri tena. Kwa hiyo thamani ya Uganda inapopanda ghafla, swali la kwanza si kama mafundi wa Kampala wametengeneza vitanda zaidi. Swali ni kama mizigo imehama kutoka hali ya tatu au ya kwanza kwenda ya pili. Msako mkali mpakani unaweza kupandisha takwimu bila ubao mmoja kuongezeka, na mgomo au vita vinaweza kuzishusha huku mbao zikiendelea kupita kwingine.

Uganda yenyewe inalijua tatizo hilo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo pamoja na Benki Kuu zimekuwa zikifanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi kwa kuhesabu bidhaa zinazopita vituo vya mpakani bila kuandikwa na forodha. Matokeo yake huchapishwa peke yake. Anayechukua namba za forodha tu anaiacha sehemu hiyo nje.

Funzo kutoka Tanzania na Msumbiji

Eneo hili limekwisha kuona mara mbili jinsi vitabu viwili vinavyoweza kutofautiana.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha uchunguzi kuhusu uvunaji kusini mwa Tanzania, uliopamba moto baada ya Daraja la Mkapa katika mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003. Uchunguzi huo ulionyesha kuwa rekodi za China za mbao zilizotoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania ilionyesha kuziuza China. Kwa mtazamo wa vitabu vya Dar es Salaam biashara ilikuwa ndogo. Kwa mtazamo wa bandari za China ilikuwa kubwa.

Msumbiji ilikuwa hivyo hivyo. Shirika la EIA la Uingereza lilieleza mwaka 2013 kuwa katika mwaka 2012 China iliandikisha takriban mita za ujazo 450,000 za magogo na mbao kutoka Msumbiji, wakati Msumbiji yenyewe iliandika kuuza nje mita za ujazo 260,385 kwa dunia nzima.

Tofauti ya kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa bima na nauli ya meli. Nchi inayonunua huandika thamani ikiwa na gharama, bima na usafiri, na inayouza huandika bei kabla ya hayo, kwa hiyo pengo la thamani linategemewa. Lakini usafiri hauongezi mita za ujazo. Pale kiasi kinapotofautiana mara kumi, mzigo umepita bila kuandikwa upande mmoja.

Kipimo hicho hicho kinaweza kutumika Busia. Pengo la thamani kati ya kitabu cha Uganda na cha Kenya linaweza kuwa nauli halali. Pengo la mita za ujazo ni jambo jingine.

Shilingi inavyodanganya

Takwimu nyingi huchapishwa kwa shilingi, na shilingi mbili hizi hazikwenda mwendo mmoja.

Mwaka 2005 dola moja ilikuwa takriban shilingi 75 za Kenya. Mwanzoni mwa Januari 2024 ilifika takriban 160. Shehena ya dola 10,000 iliyoandikwa shilingi 750,000 mwaka 2005 ingeandikwa shilingi 1,600,000 mwaka 2024. Thamani imezidi mara mbili, mbao hazikuongezeka.

Baadaye mwaka huo shilingi ya Kenya ilipata nguvu na kutulia karibu na 129. Shehena ile ile ikawa shilingi 1,290,000, yaani imeshuka kwa karibu asilimia 19, nayo haikupungua hata ubao. Shilingi ya Uganda haikuruka hivyo. Ilikuwa takriban 1,780 kwa dola mwaka 2005, na katika miaka ya 2023 na 2024 ilikuwa karibu na 3,750, ikisogea polepole. Mtu anayelinganisha nchi mbili kwa shilingi zao katika kipindi hicho ataona Kenya ikipanda na kuanguka na Uganda ikitulia, na huenda akatafuta sababu msituni wakati sababu iko kwenye duka la kubadilishia fedha.

Njia salama ni kugeuza kila mwaka kwa dola kwa kiwango cha mwaka huo, kisha kugawa kwa mita za ujazo ili kupata bei ya mita moja. Hapo ndipo mtu anaweza kusema bei imepanda, au kiasi kimepanda, au vyote viwili.

Nayo mita ya ujazo ina mambo yake. Mvule uliokauka una uzito wa takriban kilo 650 kwa mita ya ujazo, lakini ukiwa mbichi unaweza kukaribia tani moja. Lori lenye uwezo wa tani 28 litabeba karibu mita 43 za mbao kavu, na karibu mita 28 tu za mbichi kabla ya kunaswa kwenye mizani. Karani anayekadiria mita kutokana na uzito, bila kuuliza kama mbao ni kavu au mbichi, anaweza kukosea kwa zaidi ya theluthi moja.

Jumuiya ilivyobadilisha vitabu

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Tangu hapo mbao zenye asili ya Uganda na mbao zenye asili ya Kongo zilikuwa na hadhi tofauti kwenye mpaka wa Kenya, na hiyo iliwapa wafanyabiashara sababu ya kupendelea karatasi za Uganda. Mwaka 2014 ukaanza mfumo wa eneo moja la forodha, ambapo mzigo huandikishwa na kulipiwa mapema kabla ya kufika nchi unakokwenda. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kutumia lakiri za kielektroniki kufuatilia mizigo ya safari. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kikazinduliwa rasmi.

Kila hatua kati ya hizo ilifanya mizigo mingi zaidi iandikwe mahali ilipopaswa kuandikwa. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko la thamani katika miaka hiyo ni ongezeko la uandikishaji.

Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mti uliokatwa na kupasuliwa Kongo unahesabiwa kuwa bidhaa iliyozalishwa kikamilifu katika nchi mwanachama. Lakini uanachama peke yake hauondoi ushuru mpakani. Kinachouondoa ni nchi husika kutekeleza umoja wa forodha na mzigo kuwa na hati ya asili inayokubalika. Pale Kongo itakapotekeleza hayo kikamilifu, ile faida ya kuuita mvule wa Ituri mvule wa Uganda itatoweka. Siku hiyo Kenya itaonekana kununua zaidi kutoka Kongo na kidogo kutoka Uganda. Itakuwa kosa kudhani kuwa Uganda imepoteza soko.

Kwa upande wa misitu, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar mwezi Septemba 2015 mjini Durban, zikikubaliana kushirikiana dhidi ya biashara haramu ya mbao. Kongo, ambako mbao zenyewe hutoka, haikuwa miongoni mwa nchi hizo tano.

Kibali kipya, jina jipya

Tangu tarehe 23 Februari 2023 jamii tatu za miti ya Afrika zimo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kufuatia mkutano wa Panama wa Novemba 2022. Hizo ni Khaya, yaani mkangazi. Afzelia, yaani mkongo au mbambakofi. Na Pterocarpus, yaani mninga na mkurungu. Magogo na mbao zake zinahitaji kibali cha CITES cha nchi zilikotoka. Orodha hiyo ya 2022 haikugusa mvule.

Matokeo kwa takwimu yanaweza kutabirika. Mahogani isiyo na kibali ina kishawishi cha kubadilishwa jina. Endapo baada ya 2023 thamani ya mvule itapanda upande mmoja wa mpaka na ya mbao nyingine za kitropiki ikashuka kwa kiasi kinachokaribiana, maofisa wa pande zote mbili watakuwa na haki ya kufungua mzigo na kutazama nyuzi za mti. Msafirishaji aliyepewa karatasi ya mvule na kubeba mahogani ndiye atakayekutwa na mzigo barabarani, si aliyemwandikia.

Nini kinafuata kwa mfanyabiashara

Mamlaka za mapato nazo hulinganisha. Ofisa wa Busia anayeona kuwa mvule wa bei fulani umetangazwa jana kwa dola nyingi zaidi anaweza kuitilia shaka ankara ya leo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema kipimo cha kwanza ni bei iliyolipwa kweli, ikiongezwa gharama zinazotajwa kwenye jedwali lake la nne. Mfanyabiashara asiyekubaliana na uamuzi ana siku 30 za kuomba upitiwe upya na Kamishna, chini ya kifungu cha 229.

Lakini haki hiyo ina maana kwa mwenye karatasi tu. Risiti ya Beni, malipo ya lori, hati ya Mpondwe, kipimo cha mita za ujazo kikitaja mbao ni kavu au mbichi, jina la mti na namba yake sahihi ya forodha: vyote vikisema jambo moja kutoka Kasindi hadi Nairobi, pengo kati ya vitabu viwili linaelezeka. Visiposema, wanaolipia pengo hilo ni mwenye mzigo kwa tofauti ya ushuru, na mwenye lori kwa siku zake za kukaa mpakani.